Land Cruiser au Lexus? Jibu la fundi kwa kamati ya gari la mwenyekiti



Makamanda, niseme wazi kwamba naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya chama tawala. Ya chama tawala nimeizoea, ni kama kikohozi cha mzee wa jirani, unakisikia usiku unageuka upande wa pili unalala. Leo hasira yangu ni ya nyumbani. Nawakasirikia ninyi, na nimejikasirikia mimi mwenyewe, sisi tunaojiita sauti ya wanyonge huku tunashindana nani anajua zaidi habari za viti vya ngozi.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi gari. Gereji yangu iko Morogoro, si mbali na Msamvu, pale barabara za Dar, Dodoma na Iringa zinapokutana. Bunge likikaribia kuanza nayaona yakipita moja baada ya jingine, namba za STK na STL, vioo vyeusi, taa zinawaka mchana kweupe. Nina miaka kumi na mbili kwenye kazi hii na mengi ya aina hiyo nimeyafungua tumbo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwenye maoni kwamba naongea wivu wa mtu ambaye hajawahi kukaa ndani ya shangingi. Nimekaa. Nimelala ndani yake pia, nikisubiri spea.

Sasa stori iko hivi. Wiki mbili zilizopita iliundwa kamati. Kazi yake ni kuchangisha fedha za kumnunulia mwenyekiti wetu gari "linaloendana na hadhi ya chama". Kamati ikaleta mapendekezo mawili: Toyota Land Cruiser 300 au Lexus LX 600. Vijana tukaombwa tutoe maoni kwenye kundi la WhatsApp. Jamani, sijawahi kuona kundi lile likichangamka namna ile. Siku tatu mfululizo, usiku na mchana, picha, video, watu wanatukanana kwa upendo. Nilihesabu jumbe zaidi ya 400. Na katikati ya jumbe hizo mia nne, Jumatatu saa mbili asubuhi, kuna dada aliuliza nani ana nafasi ya kwenda kumwona kamanda wetu aliye mahabusu, ampelekee sabuni na dawa ya kifua. Akajibiwa na watu watatu. Wa nne alijibu kwa picha ya Lexus nyeupe.

Jioni ile katibu akanipigia. "Fundi, wewe ndiye mtaalamu wetu. Tuambie kitaalamu, ipi bora?" Nikamwambia nitaandika.

Haya, nianze na ufundi, msije mkasema nimekimbia swali.

Land Cruiser 300 ilitoka mwaka 2021 kuchukua nafasi ya ile 200 iliyotoka 2007. Ile 200 ndiyo iliyotuletea neno "V8" mitaani. Dizeli yake ilikuwa na silinda nane kweli, lita 4.5, tabo mbili. Hii mpya haina V8 hata kwa dawa. Dizeli yake ni V6 ya lita 3.3, petroli yake ni V6 ya lita 3.5, zote na tabo mbili na gia kumi. Ni nyepesi kuliko ile ya zamani na inavuta vizuri zaidi. Lakini kwenye kundi letu bado watu wanaandika "mwenyekiti apande V8". Kumbe V8 kwa Kiswahili chetu siku hizi si injini tena, ni cheo. Mtu anapanda V8 kama zamani mtu alivyopanda daraja.

Lexus LX 600 nayo ilitoka mwaka huo huo wa 2021. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu nikiwa chini ya Noah ya mteja. Lexus ni mali ya Toyota. Gari hizi mbili zimejengwa juu ya chesisi ya aina moja. Injini ya petroli ya lita 3.5 ni hiyo hiyo. Gia ni kumi zile zile. Lexus imeongezewa grili kubwa kama mlango wa benki, ngozi laini zaidi, ukimya zaidi, na mwili unaopanda na kushuka kwa haidroliki ili mheshimiwa asihangaike kuinua mguu. Ipo hata aina yenye viti vinne tu, cha nyuma kinalala karibu kama kitanda na kina mahali pa kuwekea miguu. Fikirieni, gari la tani mbili na nusu hivi, limetengenezwa kwa ajili ya watu wanne, mmoja wao amelala.

Kwa hiyo makamanda, mlichopigania siku tatu ni mtu yule yule, siku moja kavaa Kaunda suti, siku nyingine kavaa suti na tai. Tumeitwa kuchagua na hakukuwa na cha kuchagua. Sisi ambao kila uchaguzi tunawaambia wananchi wasikubali kuletewa machaguo yaliyopikwa!

Mkinibana shingoni nijibu kama fundi tu, nitasema Land Cruiser ya dizeli. Spea zake utazipata, na fundi anayejua kushika jamii hiyo hukosi hata wilayani. Lexus ikikwama Ifakara kwa tatizo la haidroliki, mwenyekiti atarudi kwa basi. Lakini hata hiyo dizeli msidhani ni mkombozi. Nozeli za injini hizi za kisasa ni laini kama mboni ya jicho. Hazitaki mafuta machafu. Na sisi ni nchi ambayo mafuta yalichanganywa na mafuta ya taa mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba mwaka 2010, na mwaka huo huo neno la kwenye visima vya mafuta, kuchakachua, likahamia kwenye masanduku ya kura. Tunalitumia mpaka leo kwenye kila tamko letu. Lilitoka kwenye tangi la gari, ndugu zangu.

Basi, ufundi umeisha. Sasa niulize ambalo kamati haikuniuliza.

Bei iliyoletwa kwenye kundi ni milioni 350 kwa Land Cruiser na milioni 480 kwa Lexus. Tuchukue hiyo ya chini. Gari la namna hii likifika bandarini linalipiwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi sisi elfu mbili. Juu ya vyote hivyo kuna VAT asilimia 18. Pigeni hesabu: kila shilingi mia ya thamani ya gari inazaa shilingi sitini na ushee za kodi, kabla ya zile ada ndogondogo. Maana yake mama ntilie wa Kihonda aliyetoa elfu mbili kwenye harambee ya kuiondoa serikali hii, sehemu nzuri ya elfu mbili yake inaenda moja kwa moja hazina kwa serikali hii hii. Kodi ni wajibu, sikatai. Lakini mtu akinichangisha hela ya mapambano halafu sehemu nzuri yake ikaishia kwa ninayepambana naye, nina haki ya kuuliza.

Najua mtakayosema. Nimeyasoma yote mia nne.

Mnasema heshima. Kwamba kiongozi wa upinzani akishuka kwenye gari bovu watu wanamdharau, wanaona chama hakina uwezo wa kushika nchi. Hili nalijibu kwa uchungu kwa sababu ni kweli kidogo. Nimeona kwa macho yangu mkutanoni, gari kubwa likiingia vijana wanakimbilia kupiga nalo selfi kabla hawajasikia hata neno moja. Na nikiri: mwaka 2019 nilipiga picha nimeshika usukani wa shangingi la mteja, nikaiweka Facebook, nikaandika "taratibu tutafika". Nilipata likes nyingi kuliko siku niliyotangaza mtoto wangu kazaliwa. Kwa hiyo ugonjwa huu naujua, ninao. Ila tujiulize umetoka wapi. Walioufundisha ni wale wale tunaotaka kuwang'oa. Wao ndio waliomzoesha mwananchi kwamba uzito wa mtu unapimwa kwa sisi za injini. Tukiingia kwenye mchezo huo tutashindwa tu, maana wao wana hazina ya taifa na sisi tuna ndoo ya harambee. Hata tukinunua Lexus leo, kesho wao watakuja na tano.

Na wazee wetu waliliona hili mapema. Neno wabenzi halikuletwa na wazungu, lilitoka humu humu Afrika Mashariki, watu wakiwacheka viongozi wa uhuru waliotoka kwenye baiskeli wakaingia kwenye Mercedes Benz bila kupitia popote. Azimio la Arusha la 1967 liliwawekea viongozi miiko. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaenda mbali zaidi, ukawakemea kwa fahari na majivuno, na wafanyakazi wakauchukua kwa uzito wake, wakawafungia mageti mameneja viwandani. Mwisho wa yale mnaujua, sina haja ya kuwapamba wazee. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya chama kile kuna wakati mtu aliona aibu kuonekana na gari kubwa. Aibu hiyo ilikufa lini? Na sisi ndio tunataka kuisomea dua ya mwisho?

Halafu tusijidanganye kwamba haiwezekani. Kenya, Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri warudishe magari makubwa, serikali isizidi injini ya sisi 1800, zikanunuliwa Volkswagen Passat. Mawaziri walinung'unika, wengine walichelewesha kurudisha kana kwamba wameambiwa wavue suruali. Rwanda katikati ya miaka ile ya 2000 ilikusanya magari ya serikali ikayapiga mnada, viongozi wakatakiwa wawe na magari yao wenyewe kwa utaratibu wa kuchangiana na serikali. Simsifii mtu hapo, na habari za uhuru wa watu Kigali ni mada ya siku nyingine. Na hapa kwetu, mwaka 2011 Zitto Kabwe akiwa mbunge wa upinzani alikataa posho za vikao, nchi nzima ikasimama kumsikiliza. Wengi wenu mliingia siasa kwa sababu ya miaka ile. Mliingia kwa sababu ya watu waliokataa kitu. Nani aliingia chama chetu kwa sababu ya gari?

Mnasema usalama. Hapa sitaleta utani. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi akiwa ndani ya gari, nje ya nyumba yake Dodoma, mchana. Kila nikifungua mlango wa gari la namna hii kubadilisha kioo naikumbuka siku ile. Ndani ya mlango kuna bati, nyaya, mota ya kioo, spika na plastiki. Basi. Bati la Land Cruiser na bati la Lexus halizuii risasi ya bunduki ya kivita. Gari lisilopenya risasi ni kitu kingine kabisa, linajengwa upya, na kamati haijalitaja popote. Kwa hiyo tusitumie damu ya watu kununulia viti vya ngozi. Kama tunazungumzia usalama wa mwenyekiti, tuzungumzie walinzi waliofunzwa, nyumba anayolala, nani anajua ratiba yake, na magari mawili ya kawaida yanayobadilishana njia. Tena mtu anayewindwa huwa hatafuti gari pekee la rangi ile mkoa mzima.

Mnasema barabara. Hili ndilo la kweli kuliko yote, na ndilo mliloliandika mara chache. Masika ikikolea kuna kata zetu hata mbuzi anaomba lifti. Sawa. Lakini kwa barabara hizo dunia nzima inajua gari lake, ile Land Cruiser ya mkonge, jamii ya 70 iliyoanza 1984, ile ambayo polisi wanatubebea. Hospitali za misheni wanayo, wakaguzi wa mifugo wanayo. Injini yake ile ya lita 4.2 haina tabo na haina kompyuta ya kubembeleza, inakula mafuta ya aina yoyote unayompa na kesho inawaka. Unaipata iliyotumika, unaibebesha watu kumi, spika na jenereta. Haipendezi kwenye selfi. Na kwa safari ya Dodoma, tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dar mpaka Dodoma chini ya saa nne, inapita hapa kwetu Morogoro. Mwenyekiti akikaa humo daraja la kawaida atakutana na wapiga kura mia tano ambao hawana pa kukimbilia. Mimi ningekuwa mwanasiasa ningelala humo.

Nimesema nina hasira. Sasa niwaambie imetoka wapi.

Uchaguzi uliopita nilikuwa naratibu mawakala wa kata tatu za milimani, huko Uluguru. Kuna dada mmoja, jina lake silitaji kwa sababu bado anaishi kule na majirani wale wale. Alikuwa wakala wetu. Alifika kituoni saa kumi na moja alfajiri kwa miguu. Hela ya chakula tuliyomwahidi haikufika, alikula mihogo aliyopewa na wakala wa chama tawala, ambaye kwa kweli alimwonea huruma. Kura zikahesabiwa, diwani wetu akaongoza pale. Akapewa nakala ya fomu ya matokeo, akaikunja akaiweka kifuani. Saa nne usiku akanitumia ujumbe: "Kaka fomu ninayo, nauli hakuna, boda anataka elfu 15." Nikampigia aliyeshika fungu la usafiri. Simu haikupokelewa. Nikampigia mwingine, akaniambia fedha za usafiri zimeelekezwa kwenye msafara. Nikatafuta elfu kumi na tano yangu, nilikuwa na elfu sita. Mpaka nimekopa, mpaka nimetuma, boda kaogopa mvua. Yule dada alitembea usiku. Alifika kwenye majumuisho saa tatu asubuhi, miguu imevimba, fomu imelowana lakini inasomeka. Matokeo ya udiwani yalikuwa yametangazwa saa moja. Tofauti ilikuwa kura 41.

Sijui kama fomu ile ingebadilisha kitu. Labda wangeikataa hata ingefika kwa helikopta. Lakini haikuwahi kupata nafasi ya kukataliwa, na aliyeizuia safari hii hakuwa msimamizi wala polisi. Ilikuwa ni sisi na elfu kumi na tano.

Sasa rudini kwenye milioni 350. Pikipiki mpya, Boxer au TVS, ni karibu milioni tatu. Mia moja ni milioni 300. Zinabaki milioni 50 za mafuta, matairi na makoti ya mvua. Pikipiki mia moja mkoani kwetu! Siku za kawaida zifanye kazi ya boda, kijana wa tawi aendeshe, hesabu ya jioni ilipe kodi ya ofisi ya kata, ambayo kwenye kata mbili ninazozijua mwenye nyumba keshabadilisha kufuli. Siku ya uchaguzi zote zinavaa bendera na hakuna fomu inayolala njiani. Mwenyekiti tumtafutie ile mkonge iliyotumika, mimi nitaihudumia bure, sevisi na kila kitu, na hilo naliandika hapa hadharani mnishike nalo.

Kuna mmoja wenu aliniandikia pembeni: "Fundi, unataka cheo?" Hapana, bwana mdogo. Mimi nakula kwa magari haya. Chama kikinunua Lexus italetwa kwangu, na bili yake peke yake ingenilipia ada ya mtoto mwaka mzima. Nawashauri dhidi ya tumbo langu.

Kikao cha kamati ni Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya mkoa. Nimeomba dakika kumi, katibu kanijibu "tutaona". Mwenyekiti mwenyewe hajasema lolote kuhusu gari hili mpaka leo, na nitamuuliza mbele ya watu kama alilitaka au tumelitaka sisi kwa niaba yake. Yule dada wa milimani nimemtumia nauli jana, elfu 15, na ya kurudia. Amesema atakuja na ile fomu.